Saa tisa bila kusinzia: mwongozo kamili wa kupanga mlo kwa anayefanya kazi Kisumu

Ikifika saa nane na nusu mchana, jua likiwa kali, pita stendi yoyote ya bodaboda kati ya Kondele na Nyamasaria. Utakuta vijana wenye afya zao wamejilaza juu ya pikipiki. Ofisini karani anapiga miayo mbele ya kompyuta, sokoni fundi cherehani ameegemea mashine, darasani mwalimu anasoma mstari uleule mara mbili. Ukiwauliza watakwambia ni joto, au ni umri, au kazi imezidi. Joto lina mchango wake, na mwili wa binadamu hulegea kidogo alasiri hata kwa mtu aliyekula vizuri. Lakini uliza wamekula nini tangu asubuhi, na majibu yatafanana: chai ya sukari na mandazi mawili, saa saba ugali mkubwa na mboga kiasi, kisha soda ya kufungua macho.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mtu huyo. Sitakutuma supamaketi ukanunue unga wa ajabu wa kwenye kopo. Karibu kila kitu nitakachotaja kinapatikana katika masoko ya Kibuye na Jubilee, au kwa mama mboga wa mtaani kwako. Sisi wa upande huu wa ziwa hatuna uhaba wa vyakula bora. Kilichoharibika ni mpangilio: wanga umejaa sahani, mboga imegeuka ya kusindikiza tonge, na chai inafuata juu ya kila mlo. Ukirekebisha hayo matatu, sehemu kubwa ya uchovu wa mchana itapungua.

Kama una ugonjwa wa sukari, wa figo au wa moyo, zungumza na daktari wako kabla ya kubadilisha chochote, maana kuna mambo humu yatakayohitaji vipimo vyako.

Hatua ya kwanza: andika kabla ya kubadilisha

Chukua daftari au simu. Kwa siku tatu, mojawapo ikiwa ya wikendi, andika kila kinachoingia mdomoni na saa yake, pamoja na vijiko vya sukari. Pembeni andika saa ulizochoka, ulizosinzia, kichwa kilipogonga, au ulipotamani sana kitu kitamu. Usibadilishe mlo bado.

Siku ya nne keti uhesabu sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai. Na linasema ukishuka hadi nusu ya hapo ni bora zaidi. Sasa tazama: vikombe vitatu vya chai vya vijiko vitatu vitatu ni vijiko tisa. Soda moja ya mililita 300 ni vijiko saba hivi. Umeshavuka, na bado hatujagusa mandazi wala biskuti.

Kisha angalia umbali kati ya kula na kuchoka. Watu wengi wataona kwamba usingizi unakuja kati ya saa moja na saa mbili baada ya mlo wenye wanga mwingi na protini kidogo. Ukiuona mtindo huo kwenye karatasi yako mwenyewe, hutahitaji mtu wa kukushawishi.

Hatua ya pili: asubuhi iwe na kitu kinachokaa tumboni

Chai ya sukari na mandazi ni unga mweupe, mafuta na sukari. Vinageuka haraka kuwa sukari ya damu, mwili unatoa insulini nyingi kuishusha, na kufikia saa nne unahisi njaa na mikono kulegea. Protini na nyuzinyuzi huchelewesha mambo hayo: chakula kinatoka tumboni polepole, sukari inaingia kwenye damu kwa kiasi, na unafika saa saba bila kuhangaika.

Badilisha kwa mojawapo ya hivi, kulingana na kilichoko nyumbani: viazi vitamu viwili vya wastani na yai la kuchemsha; nyoyo (mahindi na maharagwe) iliyobaki jana, ikapashwa moto hadi ichemke, pamoja na nusu parachichi; nduma na maharagwe; au ugali wa jana uliofunikwa vizuri na bilauri ya maziwa lala. Kwa viazi vitamu, ukipata vile vya nyama ya rangi ya chungwa ambavyo wakulima wengi wa Homa Bay, Busia na Bungoma wanavipanda, chukua hivyo. Vina vitamini A nyingi ambayo vile vyeupe havina.

Uji unastahili maneno zaidi, kwa sababu ndio kiamsha kinywa chetu bora na tumeuharibu. Wimbi lina kalisi nyingi, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, na lina madini ya chuma. Tatizo la nafaka ni asidi ya fitiki, ambayo hushika chuma na zinki ili mwili usivipate vizuri. Mama zetu walikuwa na dawa yake: kuchachusha. Koroga unga wa wimbi, au wimbi na mtama, na maji ya uvuguvugu hadi uwe mzito kiasi, funika, uache mahali penye joto usiku kucha. Kwa hali ya hewa ya Kisumu, asubuhi utakuwa umeshapata ukali mzuri. Pika kwa kumimina kwenye maji yanayochemka huku ukikoroga, uuache uchemke vizuri dakika 15 au 20, kisha ongeza maziwa. Ule ukali utapunguza hamu ya sukari. Kijiko kimoja kinatosha, na baada ya wiki chache wengi hawakihitaji.

Kuhusu ule unga wa uji unaouzwa ukiwa umechanganywa nafaka tano, soya, njugu na omena (dagaa wa ziwa letu) vikasagwa pamoja: siupendi. Njugu na omena zina mafuta, na zikishasagwa huchacha upesi ndani ya joto hili. Njugu zikiwa na ukungu, hutauona tena ndani ya unga. Saga nafaka moja au mbili tu. Njugu zichague kwa mkono, tupa zilizosinyaa na zenye rangi ya kijani au nyeusi, zitwange kidogo na uweke kwenye uji ukiwa jikoni.

Kama unatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na tumbo halikubali chakula, usilazimishe. Chemsha mayai mawili usiku, uyabebe na ndizi mbivu, ule saa moja ukifika. Yule kijana wa mayai boilo na kachumbari aliyeko stendi anakusaidia kuliko kibanda cha mandazi kilicho kando yake, mradi umwambie apunguze chumvi na asiweke soseji.

Hatua ya tatu: ipange upya sahani ya mchana

Hapa ndipo saa tisa inapoharibikia. Igawe sahani kwa macho. Nusu iwe mboga na kachumbari. Robo iwe protini: samaki, omena, maharagwe, ndengu, kuku, nyama, mayai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au chapati. Kwa mtu anayefanya kazi ya kukaa, ugali wa ukubwa wa ngumi zake mbili unatosha kabisa. Anayechanganya zege au kusukuma mkokoteni anahitaji zaidi, na asipunguze. Ila mboga na maharagwe navyo viongezeke, usiwe ugali peke yake unaopanda.

Kibandani sema hivi: "Mama, niwekee ugali nusu, mboga mbili, na omena." Wenye vibanda wengi watakubali bila kuongeza bei, maana ugali uliopunguzwa unalipia mboga. Chapati na madondo (maharagwe) pia ni mlo mzuri ukiomba chapati moja na bakuli la madondo lililojaa, badala ya chapati tatu na mchuzi wa kulowesha.

Sasa unga wenyewe. Mahindi yakikobolewa, kiini na ganda huondoka, na huondoka na nyuzinyuzi, mafuta mazuri na vitamini nyingi za kundi B. Unga wa posho mill usiokobolewa unashibisha kwa kiasi kidogo na hushusha kasi ya sukari. Lakini unachacha mapema kwa sababu ya yale mafuta ya kiini, kwa hiyo saga gorogoro moja au mbili kwa wakati mmoja, si gunia. Unga wa pakiti nao una faida yake: tangu 2012 sheria ya Kenya inawataka wasagaji waongeze virutubishi, vikiwemo chuma na zinki, na pakiti zilizokaguliwa huwa na alama yake. Nyumbani kwangu tunachanganya, na ndivyo ninavyokushauri: sehemu mbili za mahindi kwa sehemu moja ya mtama au wimbi. Ugali unatoka na rangi, unashika vizuri mkononi, na watoto wanauzoea ndani ya wiki.

Usisage mahindi yenye ukungu kwa kisingizio kwamba yatapikwa. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondolewi na moto wa jikoni, na ukiwapa kuku inarudi kwako kupitia mayai na nyama.

Hatua ya nne: mboga za kienyeji, na namna ya kutoziua jikoni

Sukuma wiki ni mboga nzuri. Kuila siku saba kwa wiki ukiwa Kisumu, huku soko limejaa osuga (mnavu), dek (mgagani), apoth (mlenda), boo (majani ya kunde), mito na ododo (mchicha), ni kujinyima. Mluhya atakuuzia vilevile lisutsa, tsisaga, murenda, likhubi na mito; Nakuru utaulizia managu, saga na terere. Mboga hizi zina chuma, kalisi, foliki na vitamini A kwa kiasi ambacho kabichi haikaribii. Zinaota haraka mvua ikinyesha, na wakati huo bei hushuka. Ndipo ule kwa wingi.

Nunua asubuhi. Jani likiwa limelegea na shina limekauka lilipokatwa, hiyo ni ya jana. Uliza imetoka wapi. Zipo mboga mjini zinazomwagiliwa maji ya mitaro ya uchafu, na hazina alama ya kuzitambulisha, kwa hiyo muuzaji unayemjua ni bora kuliko fungu la bei ya chini.

Osha majani yakiwa mazima, chini ya maji yanayotiririka au kwenye beseni mara tatu, kabla ya kuyakata. Wengi hukata kwanza kisha wakaosha, na virutubishi vinavyoyeyuka majini vinakwenda na yale maji ya kijani. Kisha:

Osuga. Chemsha maji kidogo, tia chumvi chembe, weka mboga, funika dakika nane hadi kumi. Osuga ya majani mapana si chungu sana, basi usimwage maji yake. Kaanga kitunguu kwenye mafuta kijiko kimoja, tia mboga na maji yaliyobaki, kisha maziwa nusu kikombe. Acha yakauke kiasi. Usiondoe mafuta kabisa: vitamini A ya kwenye majani haifyonzwi vizuri bila mafuta.

Dek. Uchungu wake ndio unaowashinda wageni. Usiichemshe mara tatu ukimwaga maji kila mara, maana ukimaliza unakula nyuzi tu. Ichemshe mara moja, mwaga maji ya kwanza ukilazimika, ichanganye na osuga au ododo, kisha maziwa au krimu. Ladha hukomaa ikilala kwenye maziwa hadi kesho yake. Kama huna friji, imalize siku hiyohiyo.

Apoth. Hii ndiyo inayopigwa magadi kupita kiasi. Magadi hulainisha na kuhifadhi rangi, lakini huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na huongeza sodiamu, jambo baya kwa mwenye presha. Apoth mbichi na laini haihitaji. Ichanganye na boo changa, chemsha dakika kumi, koroga kwa mwiko. Ikibidi, tumia chembe ya magadi inayoshikika kwa ncha za vidole viwili kwa sufuria nzima. Wanaotumia munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe wapunguze vivyo hivyo.

Mboga iliyopikwa inabaki na vitamini C kidogo, na vitamini C ndiyo inayousaidia mwili kuchukua chuma cha kwenye mimea. Kwa hiyo kando ya sahani weka kitu kibichi: kachumbari, kipande cha limau cha kukamua juu ya mboga, chungwa, pera au papai. Shirika la Afya Duniani linataka angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Bakuli la osuga mchana, kachumbari, ndizi moja na embe moja vinakufikisha hapo bila shida.

Hatua ya tano: omena, na protini nyingine za mfuko mdogo

Kuna watu wakishapata kazi nzuri huacha omena, wakihisi ni chakula cha wakati wa dhiki. Nasema kwa nguvu zote: wanaacha chakula bora kuliko nyama choma wanayoikimbilia. Omena iliyokauka, karibu nusu au zaidi ya uzito wake ni protini. Na kwa kuwa unamla mzima, kichwa na mifupa, unapata kalisi ambayo kipande cha mbuta hakiwezi kukupa, pamoja na chuma kinachofyonzwa kwa urahisi. Samaki mlo mmoja na maharagwe au mboga husaidia hata kile chuma cha mimea kuingia mwilini.

Kununua ndiko kunakohitaji jicho. Nzuri inang'aa kama fedha, imekauka hadi inavunjika, na harufu yake ni ya samaki, haina ukali wa mafuta yaliyochacha. Iliyogeuka rangi ya kahawia ilipata mvua au imekaa sana. Chota kiganjani, umwage polepole kwenye kiganja kingine, mchanga utabaki. Uliza tu waziwazi.

"Mama, hii ilianikwa chini au kwa neti?"

"Ya neti, mwanangu. Ile ya chini iko pale, ya kuku."

Muuzaji mzuri anatenganisha hizo mbili na hakasiriki ukiuliza. Fahamu pia kwamba omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu huadimika. Na kwa kawaida kuna miezi ya kufunga uvuvi wake, Aprili hadi Julai, ambapo bei hupanda. Anayejipanga hununua gorogoro la ziada mwezi Machi na kulihifadhi kwenye debe kavu lenye kifuniko.

Kupika: chambua vijiti na vijiwe. Loweka kwenye maji moto dakika tano, osha kwa maji safi hadi yatoke bila mchanga, chuja hadi zikauke. Zikaange kwa mafuta kidogo kwenye sufuria pana, ukizigeuza bila kuzivunja, hadi ziwe kavu na zinachakarika. Sasa tia kitunguu, kisha nyanya nyingi, pilipili hoho na limau nusu. Chumvi onja kwanza. Funika dakika tano. Wasiopenda uchungu wanaweza kutoa vichwa, lakini wanapoteza sehemu ya kalisi.

Samaki wakubwa nao wana nafasi yao. Ngege (tilapia) wa kuchemshwa na nyanya na kitunguu anakupa protini bila mafuta ya kudumbukizwa. Tatizo la samaki wa kukaangwa barabarani ni mafuta: yakirudiwa siku baada ya siku yanageuka meusi na yenye povu, na hayo ni ya kukimbia. Mgongo wazi unaouzwa Obunga, yaani mifupa ya mbuta iliyobaki baada ya minofu kutolewa, una nyama nzuri kichwani na ubavuni; ununue mbichi ukapike supu nyumbani ikiwezekana.

Nje ya ziwa, maharagwe, ndengu na kunde ndiyo yanayoubeba mfuko mdogo. Protini hujengwa kwa vijenzi vingi: mahindi yana upungufu wa kile kiitwacho laisini, maharagwe yanacho. Maharagwe yana upungufu wa kingine kiitwacho methionini, mahindi yanacho. Ndiyo maana nyoyo, ambayo Waluhya huiita amahenjera na wengine githeri, inamshibisha mkulima hadi jioni. Loweka maharagwe usiku na umwage yale maji, gesi itapungua na mkaa utaokoka. Na mvua zikileta kumbikumbi, kula bila aibu: wana protini, mafuta mazuri na chuma.

Hatua ya sita: isogeze chai

Hili ni jambo dogo, halina gharama, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Majani ya chai yana tanini zinazoshika chuma cha kwenye mboga, nafaka na maharagwe. Ukinywa chai pamoja na chakula au mara baada ya kumaliza, sehemu kubwa ya chuma cha ile osuga uliyoipika kwa uangalifu inapotea. Kahawa inafanya vivyo hivyo.

Si lazima uache chai. Isogeze saa moja au zaidi kutoka kwenye mlo: saa nne asubuhi na saa kumi jioni ni nafasi nzuri. Wakati wa chakula kunywa maji, au maji yenye limau. Mwanamke aliye katika umri wa hedhi anahitaji chuma kama miligramu 18 kwa siku, mwanamume 8, kwa hiyo jambo hili linawahusu zaidi kina mama na wasichana. Mjamzito asikose vidonge vya chuma na foliki anavyopewa kliniki, na asivimeze kwa chai.

Kafeini inakaa mwilini. Baada ya saa tano hivi nusu yake bado ipo. Chai nzito ya saa mbili usiku inakula usingizi, na kesho yake unahitaji chai zaidi.

Hatua ya saba: maji kabla ya soda

Kwenye joto letu, upungufu mdogo tu wa maji huleta kichwa kizito na kukosa makini, na mtu hudhani ni njaa. Anza na bilauri moja ukiamka, beba chupa ya lita moja, ijaze tena mchana. Mwendesha boda na anayefanya kazi juani waongeze. Tazama mkojo: ukiwa wa njano nzito, umechelewa. Maji yachemshwe au yatiwe dawa. Kipindupindu si kigeni kwetu.

Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vinavyouzwa kwenye vichupa vya plastiki ni sukari na kafeini. Vinakupa saa moja, kisha vinakuangusha chini kuliko ulipokuwa. Dereva wa usiku anayechanganya viwili vitatu anajitafutia mapigo ya moyo yasiyotulia. Ukihitaji kitu saa kumi jioni, kula njugu kiganja kimoja na ndizi, au kunywa maziwa lala bila sukari.

Hatua ya nane: jioni kula mapema

Wengi wetu hula mlo mkubwa kuliko yote saa tatu au saa nne usiku, kisha kitandani. Tumbo linafanya kazi usiku, kiungulia kinakuja, usingizi unakatika. Jaribu kumaliza kula saa mbili hivi kabla ya kulala, na mlo uwe mdogo kuliko wa mchana: ndengu na viazi, au samaki na mboga na kipande cha ugali. Ukifika nyumbani kwa kuchelewa, supu ya maharagwe inatosha.

Kuanza bila kuchoka

Usibadilishe yote Jumatatu. Wiki ya kwanza geuza asubuhi tu. Ya pili, chai. Ya tatu, sahani ya mchana. Ukipata siku moja ya soko, Jumapili Kibuye inakuwa kubwa, nunua omena gorogoro moja, maharagwe au ndengu kilo mbili, viazi vitamu, trei nusu ya mayai, limau, vitunguu na nyanya. Mboga za majani nunua kila siku mbili. Chemsha maharagwe mengi mara moja, uyagawe. Kama huna friji, chemsha ya siku mbili tu na uyapige moto asubuhi na jioni. Mchuzi wa samaki, nyama au maziwa usikae nje zaidi ya saa mbili.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku, ikijumlishwa na iliyomo kwenye viungo vya pakiti na mchuzi wa kibandani.

Uchovu ukikataa kuondoka

Ukila hivi kwa wiki sita na bado unapanda ngazi ukihema, mlo huenda si chanzo. Eneo la ziwa lina malaria, na malaria ya mara kwa mara hula damu. Minyoo hufanya hivyo pia. Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, ipo kwenye familia nyingi za magharibi mwa Kenya. Sukari, presha, tezi ya shingo, mimba ambayo hujaigundua, na msongo wa mawazo wa muda mrefu, vyote huanza kwa uchovu. Nenda kituo cha afya kilicho karibu uombe kupimwa malaria, wingi wa damu, sukari na presha. Usianze dawa ya malaria bila kipimo.

Usinunue pia dawa za kuongeza damu dukani kabla ya kipimo. Mwenye selimundu aliyewahi kuongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa na chuma kilichozidi mwilini, na kumwongezea ni kumdhuru. Ikionekana kweli una upungufu wa chuma, vidonge vinamezwa kwa miezi, si kwa wiki moja, hata kama utajisikia vizuri mapema. Kinyesi kuwa cheusi ni kawaida, usishtuke. Uliza pia mtaalamu wa lishe. Hospitali za kaunti ndogo nyingi zinaye, na Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji wanayoiita Russia, inapokea wanaotumwa kutoka vituo vidogo. Mwambie unaishi na nani, nani anapika, na unaweza kutumia pesa ngapi kwa siku, ili ushauri atakaokupa uweze kuufuata.